Mhubiri wa Upande wa Pili wa Ukuta

Mtu mwenye haraka kuliko wote niliopata kuishi nao ndiye aliyengoja kuliko wote, na mpaka leo sijui hayo mawili aliyaweka wapi katika mwili mmoja. Maharage yake hayakuwahi kuiva. Haki ya Mungu, miaka kumi na moja tuliyokaa nyumba moja pale Kariakoo, karibu yote nilikula kwake maharage yanayogonga sahani. Anayaepua mapema, anakuletea bakuli mlangoni, anasema, "Yatamalizikia tumboni, Fundi. Kula." Foleni ya bomba la uani aliikata mchana kweupe, ndoo mkononi, akisema, "Naomba, naomba, nina jambo," na jambo lenyewe hakuna aliyelijua. Ukimsimulia kitu anakumalizia sentensi. Ukikosea kumaliza kama alivyomaliza yeye, anakukasirikia.

Tulimwita Mhubiri. Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kizaramo mwenye ulimi, ndiye aliyelianzisha jina hilo. Siku anahamia, mwenye nyumba alimwuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwamba kwa sasa anauza vifungo na zipu, ila kazi yake hasa ni kuhubiri, hajaitwa tu. Mwenye nyumba alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Haya, Mhubiri, chumba chako kile pale." Basi, nyumba nzima ikadaka. Mwenzangu, mtu mwingine angenuna. Yeye alikuwa anaitika kama mtu anayeitwa jina lake.

Mimi ni fundi wa vyerehani. Sishoni; natengeneza mashine za wanaoshona. Wakati ule mke wangu alikuwa amerudi kwao Lindi akisema kwamba mimi nimeoa mashine, na hakukosea sana. Chumba changu kilipakana na cha Mhubiri. Yeye alitoka Masasi, mimi Lindi, wote watu wa kusini, kwa hiyo alinihesabu mtu wa nyumbani, japo yeye Mkristo na mimi Mwislamu, na japo alinizidi umri kiasi cha kumwamkia shikamoo kila asubuhi. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Sikuwahi kumwuliza kwa nini, na yeye hakuwahi kuniuliza habari za Lindi. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yetu.

Habari ya kuitwa alinieleza mara moja tu, siku nilipokwenda kununua zipu ya mteja. Meza yake ilikuwa mbele ya duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa vya suti, na vifungo vyake alivipanga kwenye makopo ya maziwa kwa rangi na ukubwa. Akasema alikuwa amekaa hapohapo, anachambua vifungo vyeusi, ndipo akaambiwa: utasimama, utasema, nao watakusikia.

"Aliyesema nani?"

"Fundi, unaniuliza swali gani hilo?"

"Sawa. Lini sasa?"

"Hilo hakusema."

"Na wewe hukuuliza?"

Alinitazama kama vile nimekohoa kwenye chakula. "Wewe ungeuliza?"

Mimi ningeuliza. Ningeuliza lini, wapi, na nivae nini. Lakini nilichukua zipu yangu, nikaondoka.

Yule Mhindi mwenye duka alikuwa Mhindu wa dini hasa, mtu wa kuwasha ubani kila asubuhi kabla hajafungua kabati. Akishamaliza anamgeukia Mhubiri. "Mama, wamekuita?" Naye anajibu, "Bado, Bwana. Na mwanao, anarudi?" Maana mzee yule alikuwa na mtoto wa kiume ng'ambo aliyeahidi kurudi kushika duka. "Bado, Mama." Kisha kila mmoja anageukia biashara yake. Nimewashuhudia wakiulizana hivyo mara nyingi mno, wamekaa kizingiti kimoja, kila mmoja na ngoja yake, na nilikuwa nawaonea huruma wote wawili bila kufikiri kwamba mimi mwenyewe sina hata kitu cha kungojea.

Kanisa lake lilikuwa Magomeni. Katika miaka ile walipita wachungaji watatu, na kila mmoja alimwendea na habari yake. Wote walimjibu kwa upole. Mama, subiri, wakati wa Mungu ukifika hakuna wa kuzuia. Ndivyo watu wanavyosema wakitaka uondoke mlangoni, lakini yeye aliyachukua maneno yale kama yalivyo. Wakampa kazi ya kupanga viti. Wakampa kufua vitambaa vya madhabahu. Mwisho wakampa kusimama mlangoni kupokea wageni, na miaka nenda miaka rudi akawa anawakaribisha watu kwa mikono miwili waingie wakawasikilize wengine. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia wazi.

"Mama, hapa Kariakoo kila kona kuna mtu na spika yake anahubiri. Nani kawaita hao? Chukua spika, simama, sema. Mimi nitakutengenezea hata hiyo spika ikiharibika."

"Sikuambiwa nijiite, Fundi. Niliambiwa nitasimama na nitasema. Nikijisimamisha mwenyewe, nitajuaje kwamba ndiyo ile?"

"Na ikipita?"

"Haipiti."

"Mama, wewe huwezi kungoja maharage!"

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Maharage ni yangu," akasema. "Hii siyo yangu."

Sasa nifike kwenye ukuta, maana ndiko ninakozunguka muda wote huu. Nyumba zetu zile za Kiswahili mnazijua. Ukuta wa kati haufiki juu. Unaishia pale paa linapoanzia, na juu kuna uwazi ambao panya anapita, harufu inapita, na maneno yanapita yote. Jumamosi mafundi wengi wanafunga mapema, kwa hiyo mimi nilikuwa narudi mchana, naoga, naswali alasiri, najilaza na redio yangu. Nyumba inakuwa kimya, wengine wako sokoni bado. Na kila Jumamosi, nikishatoa salamu ya kumaliza swala, namsikia Mhubiri upande wa pili anasogeza kiti. Ananawa uso kwenye beseni. Anajifunga kilemba, maana nilikuwa nasikia pini zikiwekwa juu ya meza moja moja. Halafu anasimama.

"Bwana asifiwe!"

Kanisani kwao, mhubiri akisema hivyo watu wanaitika Amina, kwa sauti, wote. Yeye alikuwa anasema, kisha anaacha nafasi. Ananyamaza kwa muda ule ule ambao kanisa zima lingehitaji kuitikia. Kimya. Kisha anaendelea, kana kwamba wameitikia.

Jamani, nimesikia vilio vya misiba, nimesikia mke wangu akifunga sanduku. Sijasikia kitu cha upweke kama nafasi ile.

Alikuwa anahubiri vizuri, na siyo kwamba nampamba. Hakupiga kelele. Alihubiri kuhusu foleni ya bomba na kujisema mwenyewe kwamba anaikata. Alihubiri kuhusu mwenye nyumba, bila kumtaja, lakini ulimi ule niliutambua. Akimaliza anaomba, na ombi la mwisho lilikuwa lile lile kila wiki: "Nipe mmoja, Baba. Hata mmoja." Na mimi niko pale, nimelala chali, hatua tatu kutoka alipo, redio nimeizima tangu neno la kwanza ili nisipitwe.

Kwa nini sikuitika? Nimejiuliza sana. Kwanza niliona aibu, mwanamume mzima kusikiliza faragha ya mwanamke. Pili nilijiambia mimi Mwislamu, nitaitikia nini salamu isiyo yangu. Hizo ndizo sababu nilizokuwa nazitoa. Ukweli ni kwamba niliogopa akijua nasikiliza ataacha, na akiacha sitabaki na kitu cha Jumamosi. Basi nikamnyima neno moja ili mimi nisikose yake. Uchoyo, siyo kitu kingine.

Baada ya saa nzima anatoka uani, kilemba kimelowa jasho, ananikuta najifanya nachota maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umerudi saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

"Aha."

Miaka yote hiyo alikuwa ananiuliza swali hilo hilo, nami nampa uongo huo huo. Mjinga mimi, sikuwahi kujiuliza kwa nini anauliza.

Halafu wakamwita. Alhamisi moja mzee wa kanisa alikuja mpaka nyumbani, akakalishwa kwenye kigoda uani, akasema Jumapili ile ni ya wanawake na wamempa Mama dakika kumi za kusema neno. Dakika kumi! Mwenye nyumba mwenyewe alipiga vigelegele. Kesho yake yule Mhindi alimkatia kitambaa cha bluu, akakataa kabisa kupokea chochote, na fundi wa jirani alishona gauni kwa cherehani niliyoitia mafuta kwa mkono wangu. Mhubiri hakukata foleni siku hiyo. Alizunguka nyumba nzima akitabasamu kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Mvua ilianza Ijumaa hiyo hiyo. Mnaijua Jangwani ikinyesha: bonde zima linakuwa mto, barabara ya kwenda Magomeni inafungwa, huku unapaona na kule unapaona na katikati ni maji. Jumapili alitoka alfajiri, viatu mkononi, gauni la bluu limefunikwa mfuko wa nailoni. Alirudi saa sita mchana, tope mpaka magotini.

"Maji?" nikauliza.

"Maji."

"Si ungezunguka, mama?"

"Kote wamefunga. Nilisimama pale mpaka saa tano. Nilidhani yatapungua." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Wamempa mwingine. Wamenipigia."

Yule mwanamke asiyeweza kungoja sufuria alikuwa amesimama kwenye mvua kwa muda wa saa nne akiyangoja maji ya Jangwani yapungue.

Alasiri ile, ingawa haikuwa Jumamosi, nilisikia kiti kinasogezwa. Nikazima redio. Akasema neno lile alilokuwa ameliandalia kanisa. Alieleza kwamba vifungo vinauzwa kwa seti, na mara nyingine mtu anakuja kununua vitano kwa sababu ndivyo shati lake linavyotaka, na cha sita kinabaki peke yake. Wauzaji wengine wanakitupa kwenye kopo la mchanganyiko. Yeye anakiweka pembeni, kwa sababu shati lile lile siku moja litadondosha kifungo, na mwenye shati atarudi na kuhangaika mji mzima kutafuta kinachofanana. Akasema, "Kwa hiyo kile kinachokaa koponi peke yake, msidhani kimesahauliwa. Kimewekewa mtu." Akasema, "Sasa mtaniuliza. Mwenye shati asiporudi, je?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Bwana asifiwe," na akaacha ile nafasi.

Ilikuwa ndefu kuliko zote. Niliisikia Amina imefika kwenye ulimi, haki ya Mungu, niliionja. Na badala ya kuitoa nikanyoosha mkono nikawasha redio. Mechi ya watani ilikuwa inachezwa Mwanza, mtangazaji anapiga kelele, chumba kikajaa. Baadaye nilijiambia nilitaka kusikia mpira. Haikuwa mpira. Nilishindwa tu kuubeba ukimya ule.

Upande wa pili kiti kilirudishwa mahali pake. Hakumaliza. Na hakuhubiri tena katika chumba kile, wala Jumamosi iliyofuata wala yoyote.

Kitu kilichoniumiza ni maharage. Wiki chache baadaye aliniletea bakuli kama kawaida, nikatia mdomoni, nikakuta yameiva. Laini kabisa, yana nazi, yametulia. Kila mtu angeyasifu. Nilikaa na bakuli lile mapajani nikashindwa kumeza, maana nilielewa kwamba haraka imemtoka. Mtu hana haraka kama hana anakokwenda.

Mwaka haukuisha, nyumba ikauzwa ili lijengwe ghorofa, kama zilivyouzwa nyingine zote mtaa ule. Mimi nikapata chumba mtaa wa tatu kutoka pale, chenye ukuta uliofika juu na dari ya kisasa. Mhubiri akachukuliwa na mtoto wa dada yake, Magomeni, upande ule ule wa kanisa lake. Kutoka kwangu ni mwendo wa mguu tu. Sikwenda mwaka wa kwanza, sikwenda wa pili, sikwenda wa tatu. Jumamosi nilikuwa naswali alasiri, nalala chali, natazama dari. Sikusikia panya wala mtu.

Aliyenitoa ni mwenye nyumba wetu wa zamani. Alipiga simu. "Fundi, Mhubiri wako miguu imekataa. Nenda kabla hujaenda kwa matanga." Ulimi ule ule.

Nilikwenda Jumamosi. Nilikata Jangwani kwa miguu, pakavu, vumbi tupu, nikawa najizoeza njia nzima. Amina. Amina. Neno ambalo nalisema kila siku nyuma ya imamu, siku hiyo nilikuwa nalifanyia mazoezi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nimepanga kila kitu: atasema salamu yake, mimi nitaitika, basi, deni la moyo limeisha.

Mtoto wa dada yake alinifungulia, akanionyesha chumba, akaenda jikoni. Mhubiri alikuwa amelala kitandani, amekuwa mdogo, kilemba kichwani. Makopo mawili ya vifungo yalikuwa dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa, Fundi."

Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote bila kupumua. Kwamba Jumamosi zote nilikuwepo. Kwamba sikuwahi kurudi "sasa hivi tu". Kwamba alipoomba mmoja, mmoja alikuwa hapo, amefumba mdomo. Na ile redio. Nililia, sioni sababu ya kuficha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, yeye ambaye hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi. Kisha akasema, "Redio yako ilikuwa inazimwa kila nikisimama. Unafikiri mimi kiziwi? Nilikuwa nangoja umalize swala yako ndiyo naanza."

Nikajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Na ile nafasi niliyokuwa naacha," akasema, "ulidhani namwachia nani?"

Akanyoosha mikono. "Nisimamishe."

"Mama, miguu..."

"Nisimamishe, bwana wee! Niliambiwa nitasimama. Sikuambiwa nitalala na kusema."

Nikamshika chini ya mabega, mwepesi kama furushi la vitambaa, akasimama, mkono mmoja kwenye ubao wa kichwa cha kitanda, mwingine umenikamata bega. Akaninyooshea kola ya kanzu. Nikajiandaa. Akavuta pumzi.

"Asalaam aleikum!"

"Amina!" nikasema, kwa sauti mpaka mtoto wa dada yake akachungulia mlangoni.

Weee! Mhubiri alicheka mpaka nikaogopa atadondoka. Nami nikacheka, machozi bado yananitoka. Akapata pumzi akasema, "Nilifikiri labda ni salamu yangu iliyokufunga mdomo miaka yote. Nikasema leo nimpe ya kwake, asikose la kujibu. Na bado umekosea."

Akahubiri. Sauti ilikuwa imechakaa lakini mpangilio ni ule ule: seti, vile vitano, cha sita kwenye kopo. Hakuniangalia kama mgeni wa mgonjwa. Alinitazama kama watu mia tatu. Alipofika pale nilipomkata akasita. "Sasa mtaniuliza. Mwenye shati asiporudi, je?"

Nikamkaza chini ya mabega asiyumbe.

"Siku ile sikuwa na jibu, Fundi. Nilifika hapo nikitegemea litakuja nikiwa nasema, na halikuja. Redio yako iliniaibisha, lakini pia iliniokoa. Tangu hapo nimekuwa nangoja, sikutaka kusimama tena bila jibu."

"Na leo?"

"Leo ninalo." Vidole vyake vikakaza begani kwangu. "Amerudi. Amechelewa, tena kaja na kanzu badala ya shati. Lakini amerudi."

Kisha akanyamaza, akaacha ile nafasi. Niliujua urefu wake kama ninavyojua chumba changu gizani.

"Amina," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. "Aliposema watanisikia, sikujua atanipunguzia hesabu hivi," akasema. "Haya, nikalishe, miguu inauma. Na Jumamosi ijayo usichelewe."

Sikuchelewa tena. Tulipata Jumamosi nne.